Sifa za Mchungaji wa Marungu

Kutoka Moba-Port, bandari ya Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, hadi Kirungu njia ni ya kupanda, na anayezidi kupanda hufika kwenye milima ya Marungu. Ziwa hilo liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Marungu inavuka 2,000. Kwa mfugaji, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Huku chini, kwenye miombo na vichaka vya mabondeni, mbung'o hueneza nagana, maradhi yanayomkondesha ng'ombe mpaka anaanguka. Ndiyo maana Watabwa wa mwambao walishika jembe na wavu, wakafuga mbuzi na kuku. Kule juu baridi humshinda mbung'o, na nyasi zina nafasi.

Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walianzisha misheni ya Baudouinville, Kirungu ya leo, mwaka 1893. Baadaye Wabelgiji waliweka mashamba ya ng'ombe huko Marungu, hasa upande wa Pepa. Majina ya wenye mashamba yameandikwa. Ya waliolala zizini na wanyama hayakuandikwa. Wakaja pia wafugaji wa Banyamulenge kutoka milima ya Itombwe, wakitafuta malisho, wakakaa Vyura. Vita vilivyoanza 1998 viliwatawanya watu, na mifugo ikaporwa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Alfajiri mchungaji hahesabu kwanza. Anatazama nani amechelewa kuinuka, nani hacheui, manyoya ya nani yamesimama. Anapapasa chini ya sikio. Akikuta tezi imevimba, anajua kupe wameleta ndigana, na siku chache za uzembe zitampotezea mnyama. Wakati wa kukama humwachia ndama anyonye kwanza, kwa kuwa ng'ombe wa kienyeji mara nyingi hashushi maziwa asipomsikia mtoto wake. Kisha humfunga ndama kando, akakama, na kumbakizia fungu lake. Mchungaji mwenye tamaa hupata maziwa mengi leo na ndama dhaifu kesho. Kiangazi hupeleka kundi kwenye unyevu wa mabondeni, lakini si chini kiasi cha kukutana na mbung'o. Mpaka huo haukuchorwa popote. Anaujua kwa miti, kwa joto na kwa vifo alivyosimuliwa na waliomtangulia.

Ng'ombe aliyeporwa anaweza kununuliwa tena. Jicho la mchungaji halinunuliwi: hulelewa kwa miaka, kijana akitembea nyuma ya mzee, na mzee akitawanywa na vita, kijana hana wa kumfuata. Kwa hiyo anayetaka kurudisha mifugo Marungu, kabla ya kuulizia bei ya mitamba, awatafute wazee wanaoijua milima hiyo, awalipe vizuri, awape vijana wa kufundisha. Utajiri wa Marungu ulikuwa maarifa yao kabla haujawa nyama na maziwa.