Pua Ndiyo Itangulie

Mtoto wa mbwa hafundishwi kunusa. Bloodhound, mbwa wa kufuata nyayo, anakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300 puani, na sisi tuna milioni 5 au 6 tu, tungemfundisha nini? Anachofundishwa ni kushika harufu moja na kuziacha nyingine zote, hata ya swala aliyepita alfajiri.

Huanza kwa kombolela. Mtu anayempenda humkimbia mbele ya macho yake, akajibanza nyuma ya kichuguu. Mtoto akimpata, hupewa nyama na sifa tele. Baadaye mtu hujificha bila kuonekana, na mbwa hunusishwa fulana yake. Umbali huongezwa, kona huongezwa, njia huachwa ipoe nusu saa, kisha saa kadhaa. Ila si vyote kwa mkupuo: siku ya njia ndefu, njia iwe mbichi.

Majani yenye umande hutunza harufu. Jua la mchana huikausha na upepo huisukuma pembeni, ndiyo maana mbwa hodari huweza kufuata kando ya nyayo, mgeni akadhani amepotea.

Lakini mwanafunzi mgumu ni mshika kamba ya mbwa. Akijua mtu alikopita, mkono wake husema: kamba hukazwa kidogo kwenye kona, na mbwa mwerevu huacha kuisoma ardhi akaanza kumsoma bwana wake. Kwa hiyo njia huwekwa na mwingine, kwa siri. Mbwa akiinua kichwa na kuzunguka, mshika kamba husimama kimya, amngoje. Namheshimu sana mtu anayeweza kungoja hivyo, hasa askari wa Hifadhi ya Virunga, Kongo, ambao tangu 2011 wana bloodhound wao na mbele yao huenda kuna majangili wenye bunduki.

Kwetu pwani mbwa hakaribishwi ndani, kwa sababu za dini. Hata hivyo aya ya 4 ya Surat Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na mafakihi wakaweka masharti: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asijilie alichokamata. Elimu imempandisha daraja.

Ukiwa na mtoto wa mbwa, mwanzishie kombolela asubuhi umande haujakauka. Na ukishika kamba, funga mdomo.