Kadalie na Umoja wa Wafanyakazi Uliokosa Mizizi

Clements Kadalie alizaliwa karibu na Bandawe, nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa kutoka pwani yetu ya Liuli na Mbamba Bay. Mwaka 1919 aliunda chama cha wafanyakazi cha ICU mjini Cape Town, na Desemba mwaka huo makuli wa bandari wakagoma. Kitabu cha maisha yake, My Life and the ICU, kilichochapishwa 1970, kinafaa kusomwa na kila kada, lakini kwa jicho la uchambuzi.

Ubora wake ni kuthibitisha kwamba mipaka ya mkoloni haikuligawa tabaka la wafanyakazi. Mnyasa na Mzulu walinyonywa na bepari yule yule, wakaingia chama kimoja. Mwaka 1927 ICU ilimpeleka Robert Sambo kujenga chama Rhodesia ya Kusini. Serikali ya walowezi ikamfukuza upesi, kwani ilijua hatari ya umoja huo.

Kasoro yake ni kumweka kiongozi mahali pa umma. Hotuba, safari ya Ulaya ya 1927 na ugomvi wa viongozi vinaelezwa kwa kirefu. Mwanachama wa kawaida haonekani sana. Kasoro hiyo ya kitabu ndiyo iliyokuwa kasoro ya chama. Michango ilikosa hesabu za kuaminika. Wakomunisti walifukuzwa 1926, mshauri akaletwa kutoka Uskoti 1928, na 1929 chama kikapasuka. Kukubaliwa na shirikisho la Amsterdam hakukuwasaidia wafanyakazi wa mashamba ya Natal waliotimuliwa kwa sababu ya kadi ya ICU.

Somo hili linatuhusu. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, huuzwa hadi nje ya nchi. Mchimbaji, dereva wa lori na mpakiaji wa bandarini wote huzalisha faida ile ile. Mchimbaji akigoma peke yake, mnunuzi hutafuta makaa kwingine. TUCTA na MCTU ya Malawi zimo katika SATUCC, shirikisho lililoundwa 1983. Hilo ni jema, lakini ni umoja wa ngazi ya juu. Kazi iliyobaki ni ya matawi: kupashana habari za ujira na mikataba, kukubaliana madai kabla ya mgomo, na kusoma hesabu za michango mbele ya wanachama wote. Bila hayo, mikutano ya kimataifa itazaa maazimio tu, na unyonyaji utaendelea kuvuka mipaka bila kizuizi.