Nywila husubiri cheti

Katika kibanda kimoja cha kompyuta huku Pajulu, nje kidogo ya Arua mjini, nilikaa alasiri nzima nikimtazama binti akiandika programu ya Python. Kazi yake ni ndogo: kila jioni itume hesabu za duka kwa barua pepe hadi Koboko. Mistari haikufika arobaini, nami sikuchoka kutazama.

Mwenye haraka angefungua soketi, akatuma jina na nywila, basi. Na barua ingeweza kufika. Ila amri ya kuingia, AUTH LOGIN, huivika nywila base64 tu, na base64 si kufuli. Ni maneno yaleyale kwa mwandiko mwingine. Seva inapojibu 334 VXNlcm5hbWU6, inaomba jina lako tu, na kompyuta yoyote njiani inaweza kulisoma.

Kwa hiyo binti alianza na create_default_context. Hapo cheti cha seva hukaguliwa: nani amekitia saini, na je, jina lililomo ndilo la seva tuliyoiita? Kisha wrap_socket, pamoja na server_hostname. Ukilisahau neno hilo Python inagoma, na wavivu hapo huzima ukaguzi wenyewe. Yeye aliliandika polepole, akalisoma tena herufi kwa herufi.

Akajaribu. Ikakataa: cheti hakijaanza kutumika.

Nilidhani seva ina hitilafu. "Hapana, mzee," akasema, "ni saa yetu." Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa ndani ya ile kompyuta kuukuu, na umeme ulikuwa umekatika usiku; kompyuta ilipowaka, saa ikarudi miaka mingi nyuma. Angeweza kuzima ukaguzi wa jina na kuandika neno CERT_NONE, mambo yakaenda. Hakuligusa. Alitazama tarehe kwenye simu, akairekebisha saa, akaanza upya.

Safari hii skrini ilionyesha TLSv1.3, toleo la mwaka 2018 la itifaki ya usimbaji, ambalo salamu zake huenda na kurudi mara moja badala ya mbili. Kwa mtandao wa simu wa huku, tofauti hiyo unaihisi.

Ndipo nywila ikaitwa. Hakuiandika kwenye faili. Getpass iliiomba, akaichapa, na skrini haikuonyesha hata nukta. Akarudia kuita recv, inayopokea majibu ya seva, na kukusanya vipande mpaka mstari utimie, kwa sababu haiahidi kuuleta mzima.

Seva ikajibu: 235. Amekubaliwa.