Dawa Kabla ya Sumu: Uhakiki wa Umbo la Tafiti za Kulinda Ini

Ripoti za maabara kuhusu mimea inayolinda ini hufuata umbo moja, ziwe zimeandikwa Dar es Salaam, Lagos au Kuala Lumpur. Umbo hilo linastahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma msuko wa riwaya, kwa sababu sifa anayopewa mmea mwishoni hutegemea sana nini kimetangulia nini.

Wahusika ni panya, mara nyingi sita kwa kila kundi. Kundi la kwanza hupewa maji. La pili hupewa sumu pekee. La tatu hukingwa kwa silimarini, mchanganyiko unaotoka kwenye mbegu za mmea wa miiba uitwao Silybum marianum, nao ndio wa kulinganishia. Yanayobaki hupewa dondoo la mmea unaochunguzwa, tuseme mlonge au manjano, kwa dozi ndogo, ya kati na kubwa. Mwishoni damu hupimwa ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zinapoumia. Nguvu ya umbo hili iko katika kundi la pili: mwandishi analazimika kutuonyesha ini lililokosa msaada kabla ya kusifu dawa. Chupa za dawa za mitishamba zinazonadiwa minadani hazina kundi hilo. Zina habari za waliopona tu.

Udhaifu uko kwenye wakati. Mara nyingi panya hunyweshwa dondoo siku kadhaa kwanza, ndipo hupewa tetrakloridi ya kaboni. Ukali wa sumu hiyo hutengenezwa ndani ya ini lenyewe: kimeng'enya CYP2E1 huigeuza kuwa chembe huru zinazoharibu mafuta ya kuta za seli. Basi mmea unaozuia kimeng'enya hicho utashusha ALT vizuri sana bila kuponya hata seli moja. Jedwali lenye vinyota vya umuhimu wa kitakwimu pembeni mwa tarakimu haliwezi, peke yake, kutenganisha kuzuia na kuponya. Hata hivyo ripoti nyingi hufunga kwa kusema matumizi ya jadi yameungwa mkono, ilhali mgonjwa humwendea mganga akiwa ameshaumwa.

Huko Ushetu, mkoani Shinyanga, mpangilio huo unageuka. Mkulima wa pamba au tumbaku hubeba bomba la dawa ya wadudu mgongoni msimu baada ya msimu. Kwenye mialo ya dhahabu ya jirani, Kahama na Geita, mchenjuaji hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko na kuvuta mvuke. Sumu imetangulia, na kesho inarudi. Tena mvuke wa zebaki huumiza zaidi ubongo na figo, na sianidi inayotumika kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, huzizuia seli kutumia oksijeni. Njia hizo si za tetrakloridi ya kaboni, na kiungo kilicho hatarini zaidi huenda si ini.

Mpangilio sahihi unawezekana. Hospitali za Ulaya humpa silibinini, kiungo kikuu cha silimarini, kwa dripu mtu aliyekwisha kula uyoga Amanita phalloides. Dawa inakuja baada ya sumu, na ina sababu ya kuja: sumu ya uyoga huo huzunguka kati ya utumbo na ini, na silibinini huizuia isiingie tena kwenye seli. Hapo kila tukio lina mahali pake.

Kuna kundi lingine ambalo ripoti nyingi huliacha: panya waliopewa mmea bila sumu. Pengo hilo ni kubwa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliripoti wagonjwa 10 walioumia ini kwa kutumia manjano, mmea ule ule unaosifiwa kwa kulilinda.

Tunaoipenda mitishamba tuwadai watafiti umbo jingine: lianze na sumu za shamba na mwalo, lilete mmea baadaye, lipime figo na ubongo pamoja na ini, na liwe na kundi la mmea pekee. Na kwa kuwa hakuna dondoo linaloshinda sumu inayovutwa kila siku, mchenjuaji anahitaji kwanza kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki, na mkulima anahitaji glavu na barakoa. Ripoti isiyoyataja hayo, hata takwimu zake zikiwa safi, haijamwandikia mtu wa Ushetu.