Mnafiki na Tundu Lake la Pili



Miaka kadhaa nyuma, hapa Uingereza, nilimsindikiza kijana mmoja wa pwani aliyekuwa akiomba hifadhi. Mbele ya hakimu akasema: "Yote haya kayaleta mnafiki mmoja pale mtaani." Mkalimani akaligeuza "mnafiki" kwa lile neno la Kiingereza lenye asili ya Kigiriki, la mwigizaji wa jukwaani, ambalo siku hizi ni mtu asiyetenda anayoyahubiri. Hakimu akashangaa: kutotenda kwake anayoyahubiri kunahusiana vipi na wewe kukamatwa? Kijana hakulielewa swali. Ikaandikwa kuwa maelezo yake hayashikamani.

Mkalimani hakusema uongo. Alitafsiri kama wengi wetu tunavyotafsiri, na hapo ndipo penye kosa.

Tuliangalie neno lenyewe. Tumelitoa kwenye Kiarabu, munafiq. Kiswahili kikaikuta ile mu- kikaifanya m- yake, kama kilivyofanya kwa mwalimu, tukapata wanafiki na unafiki. Wanakamusi wa Kiarabu, akiwemo Ibn Mandhur (alifariki 1311) katika Lisan al-Arab, wanalifungamanisha na nafaq, njia ya chini kwa chini, na nafiqaa, tundu la yarbui, yule panya wa jangwani mwenye miguu mirefu. Yarbui ana tundu moja linaloonekana. La pili hulichimba mpaka karibu na juu, akaacha udongo mwembamba tu. Akifuatwa, hupiga kichwa akatokea huko. Kwa juu waona ardhi tupu, kumbe pana mlango.

Arthur Jeffery, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maneno ya kigeni ndani ya Kurani, alielekea Uhabeshi, kwenye Kigiizi, ambako neno linalofanana nalo linahusu shaka na kugawika. Sioni haja ya kugombana. Kwa njia zote mbili, mtu huyu si mwigizaji. Ni mtu wa pande mbili, aliye ndani ya nyumba na mlango wa kutokea kashauweka tayari. Ndivyo lilivyotumika Madina pia. Mwaka 625, watu wakielekea Uhud, Abdullah bin Ubayy aligeuka njiani na wenzake wanaotajwa kuwa kiasi cha 300. Alilaumiwa kwa kuwaacha wenziwe uwanjani.

Kiswahili cha mtaani kimeihifadhi maana hii vizuri kuliko tafsiri zetu. Kwetu mnafiki khasa ni yule anayekula kwako, akacheka nawe, kisha akatoka na maneno yako kuyapeleka kwingine. Ndiyo maana tunamweka pamoja na mfitini, na tunamwita ndumakuwili, nyoka anayesemekana kuuma kwa pande zote mbili. Hebu msikilizeni tena yule kijana. Alikuwa anasema: mtu aliyejifanya rafiki yangu alinichongea. Shauri zima lilikuwa ndani ya neno lile.

Sasa na sisi tujikosoe. Huku ughaibuni neno tumelirahisisha mno. Kijana asiyetaka kusema hali ya makaratasi yake, mnafiki. Mama asiyewaambia jamaa wa nyumbani kuwa anasafisha maofisi usiku, mnafiki. Mbona lugha yetu inalo neno jengine, tena zuri? Huko ni kujisitiri. Stara nayo ni kufunika, lakini anayejisitiri hafuniki mlango wa kumtoroka mwenziwe wala hapeleki siri ya mtu. Ukimficha jirani anayetafutwa kwa dhulma, ukasema hujamwona, umemsitiri. Ukimkaribisha, kisha ukawaita wanaomtafuta, huo ndio unafiki. Kuficha kumo kwa wote wawili. Tofauti ni nani anaumia.

Tukilichakaza neno kwa kila mwenye siri, siku tutakayomhitaji kumtaja msaliti wa kweli tutakuwa hatuna la kumwitia.

Kijana alikata rufaa. Safari ile mkalimani mwengine alitumia maneno kumi badala ya moja, na hakimu hakuuliza tena kuhusu mahubiri.

Mwenye matumizi mengine ya neno hili, khasa ya Lamu au ya bara, asitufiche. Nami nikosoeni.

Wasalaam.