Giza Lililodariziwa: Mwongozo wa Kupima Rangi na Mishono katika Taswira za Ajabu

Kudarizi ni kupamba kitambaa kilichokwisha kufumwa kwa kupitisha juu yake sindano na uzi wa rangi, na katika nyumba nyingi za Tanzania kazi hiyo huonekana kwenye mashuka, foronya na vitambaa vya meza, ambako maua na ndege ndio hutawala. Ua humsamehe mdarizi, kwa kuwa jicho hulitambua hata pale rangi ilipozidi au mshono ulipolegea. Taswira ya ajabu, yaani picha ya uganga, mizimu na nguvu zisizoonekana, haisamehi, kwa sababu humtaka mdarizi aonyeshe kwa uzi jambo ambalo watu hulisadiki bila kulitazama. Kwa hiyo kipimo chake kikuu ni giza: kazi bora hujulikana kwa namna ilivyolijenga giza lake, wala si kwa wingi wa nyuzi zinazometameta.

Maana hutangulia rangi

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia tambarare za Kyela hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, una hazina kubwa ya taswira za namna hiyo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951 imani kwamba mchawi hubeba chatu tumboni, na kwamba walinzi wa kijiji, walioitwa abamanga, walikuwa na nguvu ya asili hiyohiyo, ila wao waliitumia kumwona mchawi ndotoni na kupambana naye usiku. Hasira ya haki ya majirani nayo iliaminiwa kumfikia mkosaji kama mbepo, yaani pumzi ya baridi inayomletea maradhi.

Imani hiyo humfundisha mchaguzi wa rangi jambo la msingi. Ikiwa nguvu ileile hulinda na hudhuru, basi chatu aliyedariziwa kwa wekundu mtupu ili aonekane mwovu, akizungukwa na weupe mtupu wa wema, amekosewa hata kama kila mshono umenyooka. Chatu aliyeeleweka hubeba rangi za pande zote mbili: mgongo wake huzama katika giza linalomzunguka, na tumbo lake hupokea mwanga uleule ulioangukia nyumba anayoilinda.

Giza lenye rangi

Kosa linaloonekana upesi katika picha ya usiku ni kujaza uzi mweusi kila mahali, jambo ambalo huleta doa lisilo na kina. Mdarizi stadi huchanganya nyeusi chache na buluu iliyoiva, kijani cha migomba kivulini, kahawia ya punje za kakao zilizokauka na zambarau ya bilinganya, akizipanga kwa hatua ndogondogo hivi kwamba jicho huhisi umbali kabla ya kutambua rangi. Mazingira yenyewe humpa kanuni: kwa mtu aliye Kyela, milima ya Livingstone iko mashariki, na mbalamwezi inapochomoza nyuma ya milima hiyo, uso wake unaomwelekea mtazamaji huwa mweusi kuliko anga. Picha inayong'arisha uso huo, huku mwezi ukiwa nyuma yake, imevunja sheria ya mwanga, na mtazamaji aliyekulia huko atahisi kasoro hata akishindwa kuitaja.

Rangi nyekundu inahitaji tahadhari ya pekee. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně alieleza mwaka 1825 kwamba mwanga unapofifia jicho hupoteza wekundu mapema, huku buluu ikiendelea kuonekana. Ndiyo sababu ua jekundu huonekana karibu jeusi usiku ukiingia. Kwa hiyo wekundu wa kweli katika usiku uliodariziwa unastahili kukaa karibu na moto au koroboi pekee, na ukitawanywa kwingine huondoa usiku wote.

Kitambaa nacho ni rangi. Kaniki, yaani kitambaa cha pamba chenye rangi nzito ya giza, hutumika pamoja na nguo nyeupe na nyekundu katika uganga wa pwani, hivyo huja na maana yake kabla ya sindano kuigusa. Anayedarizi juu ya kaniki na kuacha sehemu zake tupu ameitumia kama usiku uliokwisha kuwapo, na ustadi wake hupimwa pia kwa yale aliyoyaacha. Njia rahisi ya kupima mpangilio mzima ni kuipiga kazi picha kwa simu katika rangi nyeusi na nyeupe: ikiwa maumbo bado yanatengana, ngazi za giza zimepangwa vizuri.

Mshono na kitu chake

Mng'ao wa uzi wa pamba una historia. Mwingereza John Mercer alisajili mwaka 1850 ugunduzi wake wa kuchovya pamba katika maji ya magadi makali, na Horace Lowe aligundua mwaka 1890 kwamba uzi ukivutwa wakati wa kuchovywa hupata mng'ao wa kudumu. Mng'ao huo hufuata urefu wa uzi, hivyo rangi moja hugeuka kuwa mbili pale mishono inapobadili mwelekeo. Mshono wa kujaza, ambao hulaza nyuzi ubavu kwa ubavu hadi umbo lote lifunikwe, unafaa kwa mwezi na maji, mradi nyuzi za maji zilale kwa mlalo mmoja na zisipishane.

Mwili wa chatu hufaa mshono wa mnyororo, ambao kila kitanzi hushika kilichotangulia, kwa kuwa safu zake zikibanana hufanana na magamba. Ukingo wake hufaa mshono wa shina, unaopiga hatua zinazopandana kama kamba iliyosokotwa. Mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, huhitaji mafundo madogo yaliyosongamana chini na kutawanyika juu. Mbepo, isiyo na umbo, huelezwa na mshono wa bandi, yaani hatua zinazoonekana na kupotea, kwa uzi mmoja tu uliotolewa katika uzi wa kudarizia, ambao kwa kawaida una nyuzi ndogo sita. Ikidariziwa kwa nyuzi zote sita, mbepo hugeuka kamba.

Zari, uzi wa rangi ya dhahabu au fedha unaopamba majoho ya pwani, hukatika ukipitishwa mara nyingi kitambaani; kwa hiyo fundi huulaza juu na kuushikilia kwa vishono vyembamba vya uzi mwingine. Katika taswira ya ajabu unatosha mahali pamoja, kama jicho la chatu, kwa sababu zari ikienea kila mahali mtazamaji hukosa pa kushangaa.

Upande wa nyuma

Mkaguzi makini hugeuza kitambaa. Nyuma yenye nyuzi ndefu zinazoruka kutoka umbo hadi umbo hunasa na kuvuta uso, na katika kitambaa chepesi cheupe kivuli chake huonekana mbele. Kyela ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye mvua nyingi, ambako unyevu hudumu, kwa hiyo uzi mwekundu na wa buluu iliyokolea hujaribiwa kabla ya kazi kwa kulowanishwa na kukandamizwa juu ya pamba nyeupe; ukiacha doa, haufai.

Jaribio la mwisho hufanyika jioni. Kazi hutundikwa mbali na taa na kutazamwa mchana ukiondoka: katika kazi hafifu picha yote hufifia pamoja, ilhali katika kazi bora wekundu hutangulia kuzama, milima hufuata, maji hubaki yakishika mwanga, na chatu, ambaye mchana alionekana kama pambo, huanza kuonekana kama mlinzi.