Wanaoipangusia Mars Njia

Kabla chombo hakijarushwa kwenda Mars, kuna wanabiolojia wanaokipangusa sehemu kwa sehemu. Katika maabara ya Pasadena, Marekani, huvaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, wakapitisha pamba yenye maji yaliyotakaswa kwenye mabati, nyaya na pembe zake. Maji ya pamba hiyo hupashwa moto wa nyuzi 80 kwa dakika 15, zibaki spora tu, yaani bakteria waliojifungia ganda gumu. Kisha huoteshwa kwenye visahani kwa siku 3 na kuhesabiwa. Chombo cha kutua hakitakiwi kubeba zaidi ya spora 300,000 kwenye nyuso zake.

Kazi hii ikifanywa vizuri, hakuna kinachoonekana. Wapo waliostaafu bila kuona dalili ya uhai popote nje ya Dunia, na bado naiona kazi yao kuwa msingi wa utafutaji wote. Mashine ikikuta kiumbe huko, tutauliza kwanza: je, si sisi tuliompeleka? Jibu litatafutwa katika hesabu zao, na kwenye majokofu walikohifadhi bakteria waliowaokota kwenye vyombo.